Kweli Yote Haikukabidhiwa Mtu Mmoja

Mtu anayetafuta kweli ya imani ya Kikristo hapa Mombasa hana uhaba wa walimu. Katika Barabara ya Nkrumah peke yake, Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, na Waanglikana wana Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililojengwa kati ya mwaka 1903 na 1905 kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, au ukishuka feri upande wa Likoni, utakutana na Wasabato, Wamethodisti, Wabaptisti, Wapentekoste wa kila namna, na makanisa ya mabati ambayo waanzilishi wake hujiita mitume au manabii. Wengi wao hufundisha kwa moyo safi. Hata hivyo, karibu kila mmoja atakuambia, kwa upole au kwa ukali, kwamba kwake ndiko iliko kweli iliyokamilika, na kwamba kwa jirani kuna kasoro.

Katika kundi letu la kusoma Biblia kuna dada mmoja ambaye amepita katika makanisa kadhaa, na siku moja aliniambia, "Mwalimu, nimechoka kuchagua. Niambie tu ni nani aliye na kweli yote, nikae." Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, lakini swali lake linastahili jibu pana, na hilo ndilo ninalojaribu kuliandika hapa.

Kuna jibu moja jepesi ambalo vijana wetu wasomi hulipenda, nalo ni kwamba kila mtu ana kweli yake, na mradi tunapendana, yatosha. Sikubaliani nalo hata kidogo. Paulo anawaambia Wakorintho, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza, kwamba ikiwa Kristo hakufufuka basi mahubiri ni bure na imani ni bure. Ama kaburi lilibaki tupu, ama halikubaki. Jambo hilo haliwezi kuwa kweli kwa Mkristo wa Changamwe na uongo kwa Mkristo wa Bamburi. Anayeniambia kwamba kila imani ni sawa anaweza kuwa mwema na mwenye amani, lakini ameniondolea kitu chenyewe ninachokitafuta.

Kweli yote ipo, basi. Nani anayo? Yesu alisema, "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima," na kwa maneno hayo aliiweka kweli yote ndani ya nafsi yake. Hakuiweka katika chama, wala katika orodha ya mafundisho ambayo mtu anaweza kuikariri akaimaliza. Kisha, usiku uleule wa mwisho kabla ya kusulubiwa, aliwaambia wanafunzi kwamba bado alikuwa na mengi ya kuwaambia ambayo hawakuweza kuyastahimili wakati huo, akaahidi kwamba Roho wa kweli "atawaongoza awatie kwenye kweli yote." Ahadi hiyo ilitolewa kwa watu walioketi pamoja mezani, watu ambao saa chache baadaye walikimbia wote. Hakuna hata mmoja wao aliyechukuliwa kando akapewa yote peke yake.

Matendo ya Mitume yanaonyesha jinsi kuongozwa huko kulivyokwenda, na inashangaza jinsi kulivyokuwa kwa polepole. Petro alikuwa ametembea na Bwana, amemwona akiwa amefufuka, amejazwa Roho siku ya Pentekoste, na bado hakujua kwamba angeweza kuingia katika nyumba ya mtu asiyetahiriwa, hadi alipofikishwa nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi huko Kaisaria. Ilibidi mitume na wazee wakutane Yerusalemu wajadiliane sana juu ya jambo hilo, kama ilivyo katika sura ya 15. Na hata baada ya hapo, Wagalatia 2 inatueleza kwamba Paulo alimpinga Petro ana kwa ana huko Antiokia kwa sababu alikuwa amejitenga na waumini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wakati wa kula. Ikiwa Petro alihitaji kusahihishwa na mwenzake mbele ya watu, sijui ni mchungaji gani wa Mombasa anayeweza kudai kwamba amevuka kiwango hicho.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Rabai, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ambako Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846. Kufikia miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ambao watu waliwaita watoro, walikuwa wakikimbilia Rabai na Frere Town. Frere Town, hapo karibu na mahali panapoitwa sasa Kengeleni, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini kutoka katika majahazi. Lakini aliyeokolewa jahazini alikuwa na hali yake, na mtoro alikuwa na hali nyingine: mtoro alikuwa na bwana anayemdai, sheria ya Sultani wa Zanzibar ilimtambua bwana huyo, na maofisa wa Kiingereza waliwaonya wamishonari wasiwapokee watu wa namna hiyo.

Mkristo wa wakati ule aliyekataa kumpokea mtoro angeweza kujitetea kwa Maandiko. Angetaja Warumi 13 juu ya kutii mamlaka, na angetaja jinsi Paulo alivyomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, na aya hizo zote mbili zimo katika Biblia. Ila imo pia Kumbukumbu la Torati 23:15, inayokataza waziwazi kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia akaja kwako. Nimejiuliza mara nyingi ni nani angeisoma aya hiyo kwa uzito wake. Msimamizi wa Rabai katika miaka hiyo alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekamatwa utotoni na kufanywa mtumwa, kisha akaokolewa na kusomeshwa India, na ambaye baadaye alifuatana na Hannington katika safari yake ya mwisho. Ni chini ya uangalizi wake watoro wengi walipata makao. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipofika mwaka 1888 ilikuta watu wapatao 1,400 wamehifadhiwa katika vituo vya misheni, ikawalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watu hao wakapewa hati za uhuru.

Ninakaa sana katika habari hii kwa sababu inanieleza jambo ambalo vitabu vya mafundisho havikunieleza. Biblia iliyosomwa na Mwingereza asiyepata kuwa mtumwa ndiyo ileile iliyosomwa na Jones, wala hakuna aliyeongeza neno. Lakini kulikuwa na sehemu ya kweli ambayo mtu aliyeonja utumwa aliiona mapema, na ambayo kanisa zima lilikuja kuikiri baadaye. Anayesoma daima na watu wanaofanana naye, wa kabila lake, wa kipato chake, wa dhehebu lake, atakuwa na kurasa ambazo macho yake huzipita tu, wala hatajua kwamba amezipita.

Majirani zetu Waislamu nao hutuuliza maswali ambayo wengi wetu hatujajiandaa kuyajibu, hasa katika mihadhara, na mimi huyahesabu kuwa msaada. Hoja inayorudiwa mara kwa mara ni kwamba Biblia na Uungu wa Yesu viliamuliwa kwa kura katika Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325. Historia ni tofauti. Nikea haikutoa orodha yoyote ya vitabu vya Biblia. Ilikutana hasa kwa sababu ya Ario, aliyefundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako, na mabishano hayo yaliendelea hadi Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Orodha ya kale zaidi tuliyo nayo inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo, bila kuzidi wala kupungua, iko katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Kuhusu Agano la Kale Wakristo hawajalingana hadi leo, maana Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 kwa jumla, ya Wakatoliki 73, na Kanisa la Othodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Kuna waumini wanaofichwa habari hizi wakidhaniwa watatetereka. Mimi naona imani yangu imepata nguvu kwa kujua kwamba kanisa lilibishana kwa miongo mingi, hadharani, kwa barua zilizohifadhiwa, hata Athanasio akafukuzwa mjini mwake mara tano, badala ya kupokea agizo la mtu mmoja aliyejifungia chumbani.

Na hapa siwezi kuinyamazia Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ulioko Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama. Linalonihusu mimi kama mwalimu wa Biblia ni njia iliyowafikisha wale watu huko. Walikuwa watafutaji. Walitaka imani isiyo na mchanganyiko, na waliambiwa kwamba shule ni uovu, hospitali ni uovu, na makanisa mengine yote yamepotea. Waliacha kazi na jamaa, wakahamia mahali ambapo hapakuwa na sauti nyingine ya kuuliza. Aliyewaambia hayo aliwanyang'anya kwanza watu wa kuwasahihisha. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walimsikiliza hata Paulo na bado waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo, na Luka anawasifu kwa hilo. Kwa hiyo nilimwambia dada yule, na ninalirudia hapa kwa msisitizo: mwalimu anayekasirika kwa sababu umefungua Biblia kumhakiki, au anayekutaka uwakate ndugu zako ili umfuate, mwache siku hiyohiyo, hata kama mengine yote asemayo ni matamu.

"Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," Paulo aliwaandikia Wathesalonike. Watu wengi huishika nusu ya kwanza wakageuka wachunguzi wasio na makao, wakihama kila baada ya miezi michache. Wengine huishika nusu ya pili wakaacha kuchunguza. Dada yetu nilimshauri akae katika kanisa moja lenye kumhubiri Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, ahudumu humo, ale Meza ya Bwana humo, na asiache kuuliza. Kukaa hakumzuii kutafuta, kwa kuwa mengi ya kweli hufahamika katika kutii, na mtu hawezi kutii akiwa njiani daima.

Baina yetu wenyewe yako mambo ambayo hatujayamaliza. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, nami nasimama hapo kwa sababu ninazozijua, mojawapo ikiwa ni mlinzi wa gereza la Filipi aliyebatizwa yeye na watu wake wote usiku uleule. Ndugu yangu Mpentekoste, ambaye tunafundisha pamoja, anasimama kwa towashi wa Kushi, aliyesikia, akaamini, ndipo akashuka majini. Hatujashawishiana, na hatujifanyi kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Tumekubaliana kuyasoma Matendo tena kuanzia sura ya 2 tukiwa na kundi zima, na kila mmoja wetu ameahidi kuleta mezani fungu linalomtatiza yeye mwenyewe, badala ya lile linalomtatiza mwenzake.