Nilivyobadilisha LED ya tochi ya betri moja kwa pasi ya nguo

Tochi yenyewe ni ile ndogo ya alumini, ya betri moja ya AA, ambayo kichwa chake unakivuta mbele mwanga ukusanyike, unakirudisha utawanyike. Mwili ni imara, kasoro iko kwenye LED. Mwanga wake unaelekea ubuluu, na ukimulika ndani ya boksi la umeme, nyaya za kahawia na nyekundu zinafanana kabisa. Kwa mtu wa kazi hiyo ni hatari. Nilichotaka ni rangi za kweli, hivyo nikachukua LED ya Luminus SST-20 ya 4000K (mwanga usioelekea ubuluu) yenye CRI 95 (kipimo cha uhalisia wa rangi, mwisho wake 100).

Pima kabla ya kununua. LED ya zamani ilikuwa na umbo la XP, yaani mraba wa milimita 3.45, na SST-20 ya milimita 3.5 inakaa palepale. Chini ina sehemu tatu: mbili za pembeni ni chanya na hasi, ya katikati ni ya kupitisha joto tu, haina umeme. Volti yake ni karibu 3. Za volti 6 au 12 usiziguse, saketi ya tochi hii haifiki huko.

Wengi hununua LED ambayo tayari imelehemiwa kwenye sahani ya shaba (sahani ndiyo inayobeba LED na kupeleka joto lake kwenye mwili wa tochi). Kwa tochi ya ampea tatu ningefanya hivyo hivyo. Hapa faida ni ndogo na hasara ipo: sahani ya shaba niliyokuwa nayo ina unene wa milimita 1.6, ya zamani 1.0. LED ikipanda kwa hiyo tofauti ya 0.6, kichwa kikivutwa hadi mwisho lenzi haifiki umbali wake, na ule mraba wa mwanga ukutani unabaki na kingo za ukungu. Nikabaki na sahani ya zamani.

Kikombe kinachobeba LED na saketi nilikifungua kwa ncha za kibano kwenye vitundu vyake viwili vya kufungulia. Weka alama ya chanya na hasi kabla ya kutoa waya.

Kwa joto nilitumia pasi kavu isiyo na matundu ya mvuke, nimeigeuza tumbo juu na kuibana isiyumbe, moto hadi mwisho. Risasi ya kulehemu ya 63/37 (asilimia 63 bati, 37 madini ya risasi) huyeyuka kwenye nyuzi 183, na pasi nzuri inavuka hapo. Risasi ikianza kung'aa kama maji, nyanyua LED ya zamani kwa kibano, ondoa sahani, ifute kwa utambi wa shaba wenye flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike). Kisha paka risasi ya pesti, nyembamba mno. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ikizidi, LED inaelea, inalala upande, na risasi inaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Shika LED kwa kingo za kitako chake. Ile kuba ya juu ni silikoni laini, na chini yake kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukiibonyeza zinakatika na LED haiwaki tena. Pesti ikishayeyuka, sukuma kitako kidogo sana upande mmoja uachie: LED iliyokaa vizuri inajirudi yenyewe katikati, unaiona ikiruka. Isiporudi, kuna sehemu haijashika. Palepale kwenye moto weka risasi kwenye vituo vya waya, kwa sababu sahani ikishakaa kwenye kikombe, alumini inanyonya joto lote na chuma cha kulehemu hakifui dafu.

Ikipoa, pima kwa mita. Kwenye alama ya diodi LED iwake hafifu. Kisha, mita ikiwa kwenye alama ya mlio, pima kati ya kila kituo na chuma cha sahani: pasiwe na mlio hata kidogo, kwani kikombe ni hasi, na chanya ikigusa hapo saketi inaungua.

Sehemu ya kukalia sahani ilikuwa na tone la gundi nyeupe katikati na hewa pembeni. Niliikwangua, nikaisawazisha kwa msasa namba 400, halafu 800, nikapaka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mchele, nikaitandaza.

Mwanga haujaongezeka, maana nguvu inaamuliwa na saketi, na LED za CRI ya juu hutoa mwanga pungufu kidogo. Mraba ukutani umekuwa mkubwa pia, kwa kuwa sehemu inayowaka ni pana zaidi. Lakini kahawia sasa ni kahawia.

Betri ninayotumia ni ya kuchaji, aina ya Ni-MH ya 1.2V. Ile ya lithiamu ya 14500 (ukubwa wake ni kama wa AA) inaingia na inawaka kwa nguvu, ila volti yake ya 4.2 inapita saketi karibu moja kwa moja, mwili unachemka, na saketi iliyoundwa kukamua betri hadi chini ya volti moja haijui kuacha kwenye volti 3 ili isiharibu betri hiyo. Ukiitumia, iwe yenye kinga ya ndani inayokata umeme volti ikishuka mno.