Kiuno, pumzi na kidonge kitupu

Mwaka wa saba huu naishi na maumivu ya kiuno. Sindano, mkanda, mafuta ya kuchua, vyote nimepitia. Mwaka jana mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia, "Dada, lala chali dakika 10, fuata pumzi yako tu. Maumivu yakija yaangalie, usipigane nayo." Nilicheka kimoyomoyo. Nimepanda daladala mbili kuja kufundishwa kupumua?

Wiki ya kwanza nilisinzia tu. Ya pili nikagundua kitu: meno nimeyakaza, mabega yamepanda hadi masikioni, nayasubiri maumivu kabla hayajafika! Nilipojilegeza, kiuno kiliendelea kuuma, ila ule woga wa "leo sitainuka" ukapungua. Kumbe nusu ya mateso yangu ilikuwa woga.

Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Kilichoniacha mdomo wazi ni cha Lisbon, Ureno. Watafiti waliwapa wagonjwa wa maumivu sugu ya mgongo vidonge visivyo na dawa, na wakawaambia wazi kuwa havina dawa. Baada ya wiki 3, waliovimeza juu ya matibabu yao ya kawaida walipata nafuu kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2016. Mama aliposikia akadakia, "Ndiyo maana mafuta yangu yalikuwa yanakusaidia." Nikakosa jibu.

Dawa sijaacha, msinielewe vibaya. Nimepunguza, tena kwa ushauri wa daktari. Jana nimefua mashuka mawili kwa mkono.