Nilivyowapata wahamaji wa Lamu baada ya kubadilisha swali moja

Mwezi wa kwanza wa utafiti wangu wa uhamaji mjini Lamu niliuliza kama sensa inavyouliza: ulizaliwa wapi? Karibu kila kijana alinijibu Lamu. Nilipoingiza majibu kwenye QGIS, programu ya kuchorea ramani, ramani ikatoka rangi moja, kana kwamba mji huu haujapokea mtu tangu enzi za mababu.

Nami ni mtoto wa Langoni, mtaa wa mji huu. Nimekua na majirani Wabajuni ambao wazee wao walihama vijiji vya kaskazini, upande wa Kiunga, wakati wa vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, miaka ya 1960. Walikuwa wapi kwenye ramani yangu?

Aliyenitatulia ni bibi mmoja wa mtaa wa Gadeni, niliyemkuta barazani akisuka ukili. "Wajukuu zangu wamezaliwa hospitali ya hapa, mwanangu," aliniambia. "Mama zao waliletwa kwa boti, wakajifungua, wakarudi kisiwani kwao. Sasa hao utawaandika watu wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililiweka dodoso kando, nikamwomba anitajie nyumba zote alizowahi kuishi, kuanzia ile ya kwanza anayoikumbuka. Akachukua kokwa za tende, akazipanga kwenye mkeka moja moja: Kiunga, kisha Faza, kisha chumba cha kupanga Langoni, mwisho kiwanja alipo sasa. Kila kokwa ilikuwa na sababu yake, na hakuna hata moja ambayo swali langu la kwanza lingeiona.

Tangu siku hiyo nilitembea na kokwa mfukoni. Kila mtu alipanga safari yake, nami nikaandika mahali, mwaka au tukio la karibu, na nani alitangulia. Mwanajiografia E. G. Ravenstein, aliyechapisha kanuni zake za uhamaji mwaka 1885 kutokana na sensa za Uingereza, alisema wengi husogea mwendo mfupi, hatua kwa hatua. Kokwa zilinionyesha hilo wazi. Alisema pia kwamba katika safari fupi wanawake huhama zaidi kuliko wanaume. Hapo Lamu ilinifundisha tahadhari, kwani kwenye nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani desturi ni baba kumpa binti nyumba, na anayebeba sanduku lake ni mume. Dodoso langu lilianza na "mkuu wa kaya", likamwandika mume kama mwenyeji na mkewe kama aliyemfuata. Nilirudi kwenye nyumba hizo zote kusahihisha. Ilinichukua wiki mbili, na sijutii hata siku moja.

GPS nayo ilisumbua. Kwenye vichochoro, kuta ndefu huzuia na kurudisha mawimbi ya setilaiti, na chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, nukta yangu iliruka hadi nyumba ya mtu mwingine. Niliacha kupima mlangoni, nikaomba ruhusa ya kupanda paani, au nikahesabu milango kutoka msikiti wa karibu.

Kazi iliyonigusa zaidi ni mipaka. Mistari ya utawala haifuati mitaa kama watu wanavyoijua, na ukisogeza mpaka kidogo tu, idadi ya wageni wa mtaa hubadilika. Basi nikawaomba wenyeji wanitembeze hadi mtaa wao unapoishia. Wanaume wengi walisimama msikitini. Wanawake walipita hapo, wakaendelea hadi nyumba ya mwisho wanayoingia bila kubisha. Nilichora mistari yote miwili na sikuchagua mmoja. Mtafiti anayefuta mstari wa wanawake ili ramani ipendeze amefuta nusu ya mji.

Nyumba moja moja sikuzionyesha. Mji ni mdogo, na nukta moja yatosha kumtaja mjane. Nilijumlisha kwa mtaa, na penye kaya chini ya tano nikaunganisha na mtaa wa jirani.

Nilipomaliza nilimpelekea yule bibi ramani yake peke yake, hatua zake nne. Aliifuata kwa kidole kutoka Kiunga, akasimama katikati ya bahari.

"Hapa mbona umepita? Tulikaa Ndau kusi nzima, tukingoja chombo."

Nikatoa kokwa ya tano.