Geuza Chupa: Unacholipia Kwenye Shampuu na Sabuni ya Maji ya Kuogea

Mbele ya chupa pana parachichi lililokatwa katikati na tone la asali linaloning'inia. Nyuma, kwa maandishi madogo kama sisimizi, pana majina ishirini au thelathini ya kikemia. Anayeweza kusoma sita ya mwanzo ameshajua sehemu kubwa ya anachonunua. Lile parachichi ni la kupendezesha rafu.

Orodha hiyo ina kanuni yake. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, ndiyo maana karibu kila chupa huanza na Aqua au Water. Shampuu ya kawaida ni maji kwa asilimia 70 hadi 85. Mpangilio huo ni wa lazima mpaka ufike asilimia 1. Kuanzia hapo kushuka, mtengenezaji anapanga anavyopenda, na hapo ndipo ujanja unapoingia: asali ya asilimia 0.01 inaweza kuandikwa juu ya kihifadhi (dawa ya kuzuia bidhaa isiharibike) cha asilimia 0.8, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Mstari wa asilimia 1 haujachorwa, lakini una alama. Tafuta neno Phenoxyethanol. Ni kihifadhi ambacho sheria ya Ulaya imekiwekea kikomo cha asilimia 1, na viwanda vingi vya nje ya Ulaya vinafuata kikomo hicho hicho. Kikiwa ndani ya kikomo, kila kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1. Kama hakipo, tazama Parfum, yaani manukato, ambayo kwenye shampuu kwa kawaida hayavuki hapo. Sasa rudi mbele ya chupa, usome jina la tunda, kisha ulitafute nyuma. Mara nyingi utalikuta limejibanza baada ya manukato, karibu na rangi. Mshubiri una ujanja wa ziada: maji ya jani la mshubiri yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 99, kwa hiyo hata ukitajwa wa pili kwenye orodha, bado umelipia maji.

Tuje kwenye kinachosafisha. Baada ya maji, chupa nyingi sana zina watu watatu walewale: Sodium Laureth Sulfate, Cocamidopropyl Betaine na Sodium Chloride. Wa kwanza ndiye anayeng'oa mafuta na kutoa povu. Wajasiriamali wa sabuni za maji wanamfahamu kwa jina la slesi au ungarol, ule ute mzito mweupe unaouzwa kwa kilo. Wa pili anampunguzia ukali wa kwanza na kulifanya povu liwe laini na lidumu. Wa tatu ni chumvi, ileile ya jikoni.

Usimchanganye Laureth na Lauryl. Sodium Lauryl Sulfate ni ndugu yake mkali zaidi, kiasi kwamba madaktari wa ngozi humtumia makusudi kwenye majaribio wanapotaka kuona ngozi inavyowashwa. Akiwa wa pili kwenye orodha na betaine haipo, mwenye ngozi kavu au mtoto mwenye pumu ya ngozi atafute chupa nyingine.

Watatu hao ndio msingi wa shampuu, wa sabuni ya maji ya kuogea, na hata wa ile ya kunawia mikono. Tofauti huanza baadaye. Shampuu nzuri huongezewa Polyquaternium-10 au Guar Hydroxypropyltrimonium Chloride. Majina marefu, kazi rahisi: vina chaji chanya, na unywele una chaji hasi. Ukiwa unasugua, vimefungwa ndani ya povu. Ukianza kusuuza, maji yanalizimua povu, navyo vinaachiwa na kubaki juu ya unywele kama utando mwembamba, chanuo likapita bila vita. Ndiyo maana ukiosha nywele ndefu za asili kwa sabuni ya mwili zinasafika vizuri tu, lakini zinafungamana. Kwa kichwa kilichonyolewa hakuna cha kufungamana, na chupa moja inatosha mwili mzima. Anayenunua mbili anafurahia harufu mbili. Kinyume chake pia hakina madhara: shampuu ni sabuni ya mwili kamili.

Ule mng'ao kama lulu unaouona ndani ya chupa ni Glycol Distearate. Husaidia silikoni, kilainishi cha nywele, isijitenge ndani ya chupa, lakini haisafishi wala hailishi nywele.

Sasa chumvi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Mnunuzi anaigeuza chupa dukani, akiona kimiminika kinashuka kwa uvivu anasema hii ni nzito, ina nguvu. Uzito huo kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye chumvi. Jaribu nyumbani: chukua vijiko vinne vya chakula vya shampuu ya bei rahisi yenye watatu wale, weka kwenye glasi ya uwazi. Ongeza chumvi ya mezani kwa ncha ya kijiko cha chai, koroga polepole usitengeneze povu, subiri dakika tano. Ongeza tena, koroga, subiri. Kwanza huenda ikazidi kuwa nzito. Kisha, kwenye ncha moja tu ya kijiko, italegea ghafla na kumwagika kama maji ya mchele. Kisafishaji ni kilekile, hakijaongezeka wala kupungua. Kilichotokea ni kwamba chembe za slesi hujipanga kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana, na chumvi ndiyo inayozisaidia kurefuka. Ikizidi, msokoto unafumuka. Kampuni ikitaka bidhaa yenye kisafishaji kidogo ionekane tajiri, inaicheza chumvi hiyo mpaka karibu na kilele. Shampuu zilizopewa uzito kwa gundi nyingine, kama Xanthan Gum au Carbomer, hazitafuata mchezo huu.

Kosa hilo hilo ndilo linalowaumiza watengenezaji wadogo. Dumu la lita 20 likionekana jepesi, wanaongeza chumvi. Likizidi kulegea, wanaongeza tena, bila kujua kilele wameshakipita. Dawa ni kuongeza slesi na maji kidogo kidogo, si chumvi. Na wapime baada ya povu kutulia na kimiminika kupoa, kwa sababu joto nalo hulegeza: shampuu iliyoonekana sawa saa mbili asubuhi inaweza kuwa uji mwepesi saa nane mchana Dar es Salaam.

Shampuu za mtaani hazina ubaya kwa sababu tu ni za mtaani. Ubaya ni pale sabuni ya kuoshea vyombo inapotiwa rangi ya pinki na kuitwa shampuu. Sabuni ya vyombo ya kutengeneza mkononi mara nyingi ina salfoniki, asidi kali inayotakiwa kuzimwa kwa soda. Soda ikipungua, asidi inabaki. Ikizidi, inabaki soda. Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, zinamaliza ubishi: chovya, linganisha rangi. Shampuu inatakiwa isome kati ya 5 na 7. Ikisoma 3 au 9, isikaribie kichwa. Na muulize muuzaji ametia kihifadhi gani. Akijibu kwamba manukato yanatosha, hiyo chupa ina wiki chache tu kabla haijaanza kunuka.

Sabuni ya kipande nayo isidharauliwe. Ina maji kidogo mno ukilinganisha na ya chupa, kwa hiyo kwa kila shilingi unapata kisafishaji kingi zaidi. Shida zake ni mbili. Sabuni halisi, yenye Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate kwenye orodha, husoma pH 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Kwa ngozi nzima inavumilika. Kwa ngozi iliyokwishapauka inaongeza kuwasha. Shida ya pili ni maji ya kisima. Kalsiamu na magnesi zilizomo huungana na sabuni na kufanya utando wa kijivu, uleule unaoganda kwenye beseni. Ukiosha nywele kwa sabuni hiyo na maji hayo, utando unabaki kichwani, na watu wengi huudhania ni mba. Slesi haisumbuliwi sana na maji magumu. Kuna pia vipande ambavyo si sabuni hasa, vinavyoanza na Sodium Cocoyl Isethionate: ni vya upole zaidi, lakini vinayeyuka haraka vikikaa kwenye maji, hivyo viwekwe kwenye kibao chenye matundu.

Kuhusu bei, sahau ukubwa wa chupa. Gawanya bei kwa mililita, zidisha kwa 100. Tuseme chupa ya mililita 400 ni shilingi 12,000: hiyo ni 3,000 kwa kila mililita 100. Ya lita moja ya saluni kwa 18,000 ni 1,800. Paketi ya mililita 10 kwa 500, ambayo mfukoni inaonekana nafuu kuliko zote, ni 5,000. Kisha linganisha orodha. Majina sita ya mwanzo yakiwa yaleyale kwa mpangilio uleule, tofauti ya bei kwa sehemu kubwa ni harufu, chupa na matangazo. Kama anayependa harufu ana uwezo nayo, ajilipie bila kuona haya. Asidhani tu kwamba amelipia usafi.

Kipimo cha matumizi kinakula pesa kuliko bei. Nywele fupi zinahitaji kijiko kimoja cha chai, mililita 5. Nywele ndefu za asili, vijiko viwili au vitatu, vigawanywe kwa mafungu na vipakwe kwenye ngozi ya kichwa. Ncha zitasafishwa na povu linaloteremka. Kwa mwili, mililita 10 kwenye dodoki lililoloa zinatosha, wakati ukimimina kiganjani unafika 30 kirahisi, nusu yake ikishuka na maji kabla haijagusa ngozi. Chupa ya 400 hapo ni siku 40 au siku 13. Povu la kwanza likiwa dogo usiongeze: mafuta ya kichwani yanaua povu. Suuza, kisha rudia kwa kiasi kidogo, na mara ya pili povu litafumka lenyewe.

Maneno makubwa ya mbele ya chupa nitayapitia haraka. “Bila salfeti”, yaani bila wale akina Laureth na Lauryl, haimaanishi upole. Nyingi huweka Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, ambayo nayo inang'oa mafuta barabara. “Bila parabeni” mara kadhaa ilimaanisha parabeni, ambazo ni vihifadhi, zimeondolewa na Methylisothiazolinone ikaingia, kihifadhi kilicholeta mzio wa ngozi kwa watu wengi mpaka chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kikakitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2013. “Huua bakteria” kwa kuoga kwa kila siku hakuongezi cha maana. Marekani iliipiga marufuku triclosan, dawa ya kuua bakteria, kwenye sabuni za kunawa na kuogea mwaka 2016, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba inashinda sabuni na maji. Na sabuni ya kung'arisha ngozi isiyo na orodha ya viungo kabisa iachwe dukani: zebaki na hidrokwinoni haviruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania wala Kenya, na asiyeandika viungo ana sababu. Tanzania, vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019. Kenya uliza alama ya KEBS, shirika la viwango la huko.

Neno moja linalostahili pesa ni la mba, kama kiambato kipo kweli. Tafuta Piroctone Olamine, Selenium Sulfide, au Zinc Pyrithione, ambayo Ulaya imeiondoa kwenye vipodozi tangu Machi 2022 lakini kwetu bado inauzwa. Mba sugu unaomba ketokonazoli ya asilimia 2 kutoka duka la dawa, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Watu wengi husema haifanyi kazi kwa sababu wanasuuza papo hapo. Povu likae kwenye ngozi ya kichwa dakika tatu hadi tano. Aliyesuka aifikishe kati ya mistari kwa chupa yenye mdomo mwembamba; kuosha juu ya rasta ni kuosha rasta.

Waliotoka kuweka dawa ya kunyoosha wao wanahitaji kitu kingine tena: shampuu ya kuzima dawa. Dawa hizo nyingi zina pH ya juu ya 12, na mabaki yake huendelea kula unywele. Shampuu hiyo ni ya asidi kidogo, na nyingi zina rangi ya kupimia: povu likiwa la pinki, dawa bado ipo. Rudia mpaka liwe jeupe, hata kama ni mara nne.

Mwisho ni ile desturi ya chupa ikikaribia kuisha kutiwa maji na kutikiswa. Kihifadhi kilipimwa kwa ujazo ule wa kiwandani. Ukitia maji nusu kwa nusu umekikata nusu, na umeingiza vijidudu vya bombani ndani ya chupa inayoshinda kwenye bafu lenye joto. Ikikaa wiki mbili unaweza kuona imetengana, imebadili rangi, au ina harufu ya kitambaa kilichovundia. Ukitaka kuzimua, zimua kwenye kikombe kiasi cha siku hiyo, na kinachobaki kioshee sakafu ya bafu.