Kurudi Kisumu na kutafuta zile jioni za slaidi

Watu wakisikia nimerudi Kisumu kabisa, si kuja Krismasi na kurudi, swali la kwanza huwa ni sasa utafanya nini huku. La pili, hasa kutoka kwa Wakenya tuliokuwa nao Manchester, ni utamisi nini, na wanangoja niseme treni ama barabara ama mishahara. Mi kitu nilikuwa naogopa kukosa ni zile jioni za watu wa kazi za ubunifu, mtu anasimama mbele na picha za kazi yake, anaongea dakika chache, anakaa, mwingine anasimama, alafu mnapata kitu cha kunywa na mnajuana. Mi ni dizaina wa grafiki na karibu kila kazi ya maana niliyopata kule ilitoka kwa mtu niliyekutana naye jioni kama hizo. Za kutuma CV ni chache sana.

Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria acha nieleze kidogo. Ile inayojulikana zaidi ni PechaKucha, ilianzishwa Tokyo mwaka wa 2003 na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham. Sheria ni moja tu: picha 20, kila picha sekunde 20, na zinajisongesha zenyewe. Huna rimoti, huwezi kusema ebu rudi nyuma kidogo. Dakika 6 na sekunde 40 zikiisha umeisha na wewe. Walifanya hivo ju walikuwa wanajua wasanifu na madizaina ukiwapea maiki na slaidi bila kikomo hapo mtalala. Seattle nao mwaka wa 2006 wakaanza ya kwao inaitwa Ignite, picha ni 20 pia lakini kila moja sekunde 15, jumla dakika 5.

Ukisikia hivo unaweza kudhani ni mchezo wa saa tu. Hapana. Ile saa inafanya kazi kubwa. Kwanza inakulazimisha uchague, ju kazi ya miaka kumi haiwezi kuingia kwa picha 20 mpaka ukae chini ujiulize ni gani hasa unataka watu waende nazo nyumbani. Pili inamsaidia mtu mwoga, yule anatetemeka mbele ya watu, ju picha zinambeba na anajua mwisho uko karibu. Tatu, na hii ndio mi napenda sana, kuna breki katikati, na waliozoea wanajua breki ndio hafla yenyewe. Umeshaona kazi ya mtu, kwa hivo hukwami kutafuta la kusema, unaenda moja kwa moja unamwambia ile picha yako ya viti vya bluu, ile mbao ni gani? Mazungumzo yanaanzia kwa kazi. Kwa mtu kama mimi ambaye kujitambulisha kwa wageni kulikuwa kunanichosha, hiyo ilikuwa neema.

Sasa Kisumu. Mji umechangamka, hilo nalisema kwa furaha. Tangu ule mkutano wa Africities, wa miji ya Afrika, ufanyike hapa Mei 2022 watu wamezoea makongamano, hoteli zimeongezeka, na vijana wa teknolojia wamekuwa na mahali pa kukutana miaka mingi kupitia LakeHub. Kwa hivo nilipofika nikaanza kwenda kila hafla niliyosikia, ya wabunifu, ya wafanyabiashara, ya startapu, yote nikaingia.

Moja ilikuwa kwa hoteli fulani. Mpangilio mzuri, meza zimevaa vitambaa, kila mtu ana jina lake shingoni. Tukangoja mgeni wa heshima. Akafika, zikaanza salamu, mmoja akiinuka anatambua waliotangulia wote kwa vyeo vyao, anayefuata naye vilevile, mpaka jua likaanza kushuka. Wale vijana walioitwa kuonyesha kazi zao walikuwa wamekaa nyuma na laptopu kwa mapaja tangu saa nane mchana. Ilipofika zamu yao wakaambiwa dakika mbili mbili tafadhali, na wakati huo nusu ya watu wameshasimama kwa laini ya chakula. Kulikuwa na kijana anatengeneza taa kwa vyuma chakavu, taa nzuri ajabu, mi nilikuwa nimeziona kwa simu yake tukingoja. Alionyesha picha tatu akakatwa. Nilikasirika, na bado nakasirika nikikumbuka, ju yule kijana ndiye alikuwa sababu ya watu kukusanywa pale, na aliondoka bila mtu yeyote kujua anaweza kufanya nini.

Alafu rafiki yangu mmoja akaniita kwa kompaundi yao Milimani. Hapo hakuna mabango wala mgeni wa heshima. Shuka nyeupe imefungwa kwa ukuta, projekta ya kuazima, viti vya plastiki, jenereta kando ju stima ya jioni huwezi kuiamini mvua ikianza kutoka ziwani. Chai na mandazi kwa meza. Sheria wamechukua zilezile za picha na sekunde, ila hawajaita jina la PechaKucha, ju jina hilo lina utaratibu wake, ukitaka kulitumia lazima mkubaliane na wenyewe kwanza.

Wa pili kuongea alikuwa mama mmoja kutoka Dunga anayesuka kwa magugu maji. Picha zote alipigiwa na binti yake kwa simu. Picha ya kwanza ghuba imefunikwa, kijani mpaka macho yanapoishia, mashua ziko katikati na haziendi popote, na hapo kila mtu wa Kisumu anajua ni nini anaangalia, hili gugu limetoka Amerika ya Kusini na limetusumbua tangu miaka ya tisini. Picha iliyofuata ni mkono wake umeshika bua moja. Akaeleza kwamba wanachagua yale marefu, wanakata mizizi na majani, bua linabaki peke yake, linaanikwa juani siku kadhaa, na karibu lote ni maji kwa hivo ule mzigo ulioubeba kwa kichwa ukikauka unabaki kitu kidogo tu cha kushika kwapani. Lisipokauka vizuri kikapu kitaota ukungu kwa nyumba ya mteja na jina lako limeharibika. Likikauka linalainishwa, linabanwa liwe bapa, ndio linasukwa. Alikuwa anachanganya Kiswahili na Dholuo, picha zikimkimbia anacheka anaziacha ziende, na alikuwa amebeba bua bichi na bua kavu kwa mfuko akazipitisha kwa viti. Nilishika lile kavu. Jepesi kabisa, na ukilivuta halikatiki.

Baada yake kijana anayefanya ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa. Viwanda vya samaki vinakata minofu, ngozi zinabaki, na yeye anazichukua anazitoa magamba, anazitia dawa mpaka harufu inaisha na inakuwa ngozi kama ngozi nyingine, ila ina zile alama ndogo ndogo mahali magamba yalikuwa, hakuna mnyama wa nchi kavu anakupa hiyo. Breki ilipofika, fundi wa viatu wa Kondele alikuwa ameshamkalia kando, wanakunja kipande cha ngozi mbele na nyuma kuona kama kitapasuka. Hakuna aliyewatambulisha.

Na mimi nikaenda kwa yule mama. Hapa ndio nikaona tofauti kubwa na Manchester. Kule unaulizwa unafanya kazi gani, mnapeana kadi, kesho yake mnatafutana LinkedIn. Yeye aliniuliza kwa Dholuo, "In nyar kanye?", yaani wewe ni binti wa wapi. Nikamwambia Seme. Seme upande gani? Karibu na Kombewa. Boma la nani? Nikataja jina la babu. Akafikiria, akaita mwenzake aliyekuwa anamimina chai, wakahesabu ndoa za watu mpaka ikapatikana moja inayotuunganisha, na kutoka hapo nikawa nyathina, mtoto wangu, na kazi ikaanza kuongelewa. Akanieleza vikapu vyake vinaenda Nairobi bila lebo, wanaonunua wanaweka majina yao. Sasa mi kazi yangu si ndio hiyo? Wiki iliyofuata alinitumia deposit kwa M-Pesa, tumefanya lebo ndogo ya kushonwa ndani ya ukingo ambayo huwezi kuitoa bila kuharibu msuko. Njia ilikuwa ndefu kuliko kupeana kadi lakini akinihitaji tena hatanitafuta kwa mtandao, atauliza Kombewa.

Kwa hivo nimejiunga na wale wanaopanga, na kile tumebishania zaidi ni wakati. Mapokeo ya PechaKucha ni kuanza saa mbili usiku na dakika 20, na Tokyo hiyo ni sawa. Hapa saa hiyo mama wa Dunga anatafuta tuktuk, mvua inanyesha, bei imepanda, na nyumbani wanamngoja. Mi nikawaambia kuna mfano mwingine, CreativeMornings, ambayo Tina Roth Eisenberg alianzisha New York mwaka wa 2008, ni asubuhi, kuna kahawa, kiingilio bure, watu wanasikiliza wanaenda kazini. Kwa hivo usiku si lazima. Jumamosi mchana basi? Ndugu zetu Waadventista ni wengi huku, Jumamosi ni Sabato, na inaanza Ijumaa jua likizama kwa hivo Ijumaa jioni pia imeenda. Jumapili ni kanisa na ndio siku kubwa ya soko la Kibuye, mafundi wa fanicha na wa vyuma hawatafunga biashara waje kukusikiliza. Tukaishia Alhamisi saa kumi, ndani ya ukumbi wenye mapazia ju saa kumi jua la Kisumu linaua projekta.

Lugha pia tulikubaliana. Ongea ile unayofanyia kazi. Fundi akilazimishwa Kiingereza sekunde 20 zinaishia kwa kutafuta maneno, na yale anajua kuhusu mbao ama chuma yanabaki kwake. Na hakuna hotuba ya ufunguzi. Mkubwa akija anakaribishwa kwa heshima zote, anapewa kiti cha mbele, na kama ana kazi ya kuonyesha alete picha 20.

Rafiki wa Nakuru ameshauliza kama tunaweza kupeleka huko, mji wao umekuwa jiji tangu Desemba 2021 na hata huko wabunifu wanakutana tu kwa harusi na matanga. Tutaona, kwanza hii isimame.

Sasa hivi tunatafuta fundi wa mashua. Wale wanaozichonga na kuzipaka rangi na kuziandika majina, kazi ile mi naiona ni dizaini ya juu kabisa kwa hili ziwa, na sijawahi kuona mmoja wao amepewa maiki mahali popote. Kama unamjua mmoja, Dunga, Usoma, hata Usenge, mwambie ahifadhi picha za kazi yake, za simu zinatosha, na tukifika huko tutakaa naye tuzipange.