Ufunguo wa Grili

Jana usiku tumefanya zoezi. Mama (ndivyo ninavyomwita mke wangu tangu wajukuu waanze kuja) alikaa kitandani na simu mkononi, taa zote zimezimwa, akasema: "Haya Mzee, nyumba inaungua."

Kazi yangu ilikuwa kufungua kufuli la grili ya mlango wa uani. Nina miaka 71. Nikaanza kutafuta miwani, kisha kandambili, kisha ufunguo, ambao niliuficha mwenyewe juu ya kabati la vyombo ili mwizi asiuone. Gizani hata mimi sikuuona. Nilipolifungua kufuli nikasikia kutoka chumbani: "Dakika 4 na sekunde 12." Halafu kicheko, mpaka akapaliwa.

Chanzo cha haya yote ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, huku Bigwa, Morogoro. Mwezi uliopita wezi walitanua nondo za dirisha kwa jeki ya gari, wakaingia kwa mstaafu mwenzangu ambaye ndiyo kwanza kalipwa kiinua mgongo. Walibeba televisheni, mtungi wa gesi na pampu ya maji. Fedha hawakuzikuta, ziko benki. Walijuaje kama kalipwa? Tunajitangaza wenyewe bwana. Mtu akistaafu anapiga sherehe, anapaka nyumba rangi, anaagiza tofali lori zima.

Kijana wetu wa Dar akatuletea kamera. Ni nzuri, umeme ukiwepo. Mpaka sasa imemwonyesha mama yake akianika mihogo.

Mimi nikanoa panga, nikaliweka uvunguni upande wangu. Mama hakusema neno siku tatu. Ya nne akaniambia nilishike, nikalishika. "Linyanyue." Likaishia usawa wa kifua. "Bega hilo si ndilo linalokushinda hata kuanika shuka?" Hana huruma mwanamke huyu, lakini hakukosea.

Kwenye mkutano wa mtaa polisi kata alitueleza vizuri. Sheria inakuruhusu kujitetea, ila nguvu iendane na hatari yenyewe. Mwizi akishageuka kukimbia, ukamfuata ukamkata, hapo kesi inakuwa yako. Mzee mmoja nyuma yangu akaguna, akasema enzi za sungusungu zilikuwa bora. Nilinyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu Shinyanga, nawajua. Ng'ombe wakiibwa yowe linapigwa, kijiji kizima kinatoka na pinde na mishale, na kweli wizi ulipungua. Lakini yowe likishatoka mdomoni si lako tena. Siku hizi ukiita "mwizi!" mjini hapa, watu wanakuja na mawe na tairi, na hawaulizi. Kwa hiyo tumekubaliana hatutaita hivyo. Tumenunua filimbi mbili za refa, na kama ni kupaza sauti tutasema "jamani tusaidieni."

Mpango wenyewe ni mdogo. Mlango wa chumba cha kulala sasa una makomeo mawili ya chuma kwa ndani. Wakiingia, tunajifungia, tunapuliza filimbi, tunapiga simu: jirani wa kulia, kijana wa bodaboda aliyepanga nyuma, mjumbe, ndipo 112. Najua wengine watashangaa polisi kuwa wa mwisho. Gari litoke mjini, lipande huku kwetu; jirani yuko hatua 20. Sebuleni kuna bahasha ya shilingi 50,000, Mama anaiita posho ya wageni. Wachukue waende.

Tatizo lililotusumbua zaidi ni sikio. Mama anasikia kwa sikio la kushoto tu, na ndilo analolilalia. Nyumba inaweza kubomolewa yeye anakoroma. Tumekubaliana nikimgonga begani mara mbili aamke bila kuuliza "nini?", maana "nini" yake inasikika mpaka barabarani. Tumejaribu mara tano. Mara nne kauliza.

Ila moto ndio ulionitoa usingizini. Nondo, grili, makufuli, kila tulichomwekea mwizi kimetufungia na sisi humo ndani. Leo asubuhi nimepigilia msumari ukutani karibu na grili, usawa wa mkono wangu, mbali na dirisha. Ufunguo unaning'inia hapo na si pengine. Panga limerudi migombani.

Usiku huu tumerudia. Bila miwani, bila kandambili. Nilipapasa ukuta, nikaukuta msumari, kufuli likafunguka, nikawa uani chini ya mwembe, nahema kama kijana aliyeshinda mbio. "Ngapi?" nikauliza.

"Sekunde 38," akajibu kutoka kitandani. "Na mimi umeniacha na nani?"