Kamba ya mkonge pori na mfuko wa vitanzi
Mkonge wa mashambani uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, lakini mkonge pori unaoota kati ya mawe hapa kwetu Mwanza ni wa ardhi hii, nami naupenda zaidi. Jani hukwanguliwa juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke, kisha nyuzi huoshwa na kuanikwa.

Kazi yenyewe iko kwenye kusokota. Mafungu mawili huviringishwa pajani kuelekea mbele, kila moja peke yake, halafu hurudishwa nyuma kwa pamoja. Msokoto wa pili, kwa kuwa ni kinyume cha wa kwanza, huuzuia usifumuke, na kamba hujikaza yenyewe. Nyuzi mpya huongezwa kabla zile za awali hazijaisha, na kamwe si kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja.

Katika mfuko, kila kitanzi hupitishwa ndani ya kitanzi cha safu iliyotangulia, na kamba yote huvutwa hadi ncha yake ya mwisho. Ni kazi ya polepole, lakini kitanzi kimoja kikikatika, safu nzima haifumuki. Mfuko wangu wa sasa hubeba sato watatu, maji yakichuruzika njia nzima kutoka mwaloni.